Makoti Matatu ya Simu ya Fundi Sikio

Simu ya Fundi Sikio ilikuwa na nguo nyingi kuliko mwenyewe.

Koti la kwanza, lile la kugusa mwili, lilikuwa la pamba nyeupe, laini kiasi cha kumfutia mtoto mchanga masikio. Juu yake likaja la mahameli nyekundu, lenye kifungo cha lulu bandia. La nje kabisa lilikatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, la kuzuia mvua, umande, mvuke wa chai na chafya za wageni. Na chini ya makoti yote hayo, ile nailoni iliyotoka nayo dukani ilikuwa bado imeng'ang'ania kioo, haijafunuka hata pembe. Mtaani walisema kuna nzi alijaribu kutua juu ya kioo kile, akateleza, akateguka mguu, na mpaka leo anaruka upande upande.

Makoti yote matatu aliyashona mkewe. Ndiye aliyepima, akakosolewa, akafumua, akashona upya, kwa sababu mumewe alisema bega la kushoto linabana.

"Simu haina bega," mkewe alimwambia.

"Ni kwa vile hujaitazama vizuri."

Mke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama wa mwili na kicheko, na mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Naye alikuwa na simu, kama ile nayo tutaiita simu. Kioo chake kilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima, na mgongo wake umefungwa kwa lastiki ya kiuno cha sketi ili betri isitoroke. Ilikwisha kuzama kwenye ndoo ya nguo, ilikwisha kupikwa kidogo pamoja na maharage, na mara moja ilikaliwa na mteja mwenye uzito wa kuheshimika. Hata hivyo ililia kutwa kucha. Mama fulani anauliza sketi yake, mama mwingine anauliza kaptula za mapacha, binti yao anapiga kutoka mji anakoishi kusimulia visa vya mtoto. Mama Pindo aliibana kati ya sikio na bega, akaongea, akacheka, na cherehani haikusimama hata kidogo.

Simu ya mumewe, yenye afya kuliko simu zote, ililala kimya kwenye kibweta barazani, na mwenyewe ameketi kando yake kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Kilichomfikisha hapo ni kazi. Maisha yake yote Fundi Sikio alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sabuni. Palikuwa na mtambo mmoja wa kukandamiza na kukata sabuni, mkubwa kama nyumba ya kupanga, ambao wafanyakazi waliuita Bibi Kizee. Bibi Kizee alipiga du-dum, du-dum usiku na mchana, na watu walioishi karibu na kiwanda walizoea mpaka mioyo yao ikafuata mdundo huo. Kuku walitaga kwa zamu. Akisimamishwa kusafishwa, watoto wachanga wa kota nzima waliamka kwa pamoja na kulia. Na Bibi Kizee alikuwa na nongwa: hakukubali kuguswa na fundi mwingine. Fundi Sikio alichomeka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akatamka, "Goti la kushoto." Wakifungua, kweli, ni bearingi ya kushoto. Jina la Sikio akalipata hapo.

Siku ya kumuaga, meneja alimkabidhi simu mpya ndani ya boksi, akampa mkono mbele ya watu wote, akasema, "Mzee wetu, itunze simu hii. Tukikwama, tutakupigia."

Wengine walisikia maneno ya kuagana, yale ambayo kila mzee anayeondoka huambiwa. Fundi Sikio alisikia amri.

Akaitunza. Simu ilikula umeme kwa wakati, isivimbiwe wala isilale na njaa. Jua halikuigusa. Jikoni haikupelekwa. Kabla ya kuishika alinawa mikono, akaikausha, akavipuliza vidole pumzi. Vumbi alilitoa kwenye vitundu vyake kwa unyoya wa kuku, na unyoya wenyewe aliuchagua mkiani, kwa sababu wa bawani, alidai, una kiburi. Juu ya yote hayo aliweka sheria moja iliyowaumiza watu: laini isishikwe. Kiwanda kinaweza kupiga muda wowote, na kikikuta laini ina mtu, Bibi Kizee atakufa mikononi mwa wajinga.

Binti yao alipiga siku moja. "Baba! Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele, anataka akuambie mwenye—"

"Mpe hongera. Sasa ondoka kwenye laini, mwanangu, kiwanda kinaweza kuwa kinapiga hivi sasa."

"Baba, amesubiri tangu asubuhi."

"Jino litaota. Ondoka kwenye laini."

Rafiki yake wa drafti alipiga, akaambiwa vilevile. Mdogo wake akapiga, akaambiwa vilevile. Waliovumilia sheria hiyo wakashindwa na makoti, maana kumvua yule malkia nguo zake tatu kulichukua muda, na kabla hajafika kwenye pamba, mpigaji amekwisha kata tamaa. Simu za watu zikapungua, zikapungua, kama maji ya mtungi wenye ufa. Mwishowe laini ikawa safi kabisa, kama alivyotaka.

Asubuhi alikuwa na desturi moja zaidi. Baada ya kustaafu walihamia nyumba yao wenyewe, ng'ambo ya kilima, ambako kiwanda hakisikiki, yaani hakisikiki kwa masikio ya watu wa kawaida. Fundi aliinama kwenye bomba la maji la uani, akaegesha bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Kisha akainuka akitabasamu. "Anapumua," alisema, akaenda kunywa chai. Mama Pindo alikuwa akicheka mpaka mbavu zinamuuma. Siku za karibuni hakumwona tena akiinama kwenye bomba. Alidhani ni magoti.

Likizo ya shule ilikuwa inaelekea ukingoni, na sare zimerundikana mpaka dirishani, mlinzi wa geti la kiwanda alipoingia kwa kurudi nyuma, mgongo wake umeelekea ukutani.

"Shemeji, niokoe. Nimeinama kufunga geti, suruali nayo ikafunguka."

Mama Pindo alicheka, akamrushia khanga. "Jifunge hiyo, suruali uivue huko nyuma ya pazia. Na usigeuke, nina moyo mimi."

Mlinzi akajifunga, akaketi, akachungulia mlangoni. "Mzee yupo?"

"Yuko barazani. Siku hizi naye ni mlinzi kama wewe, ila yeye halali kazini."

Mlinzi hakucheka. Alisogeza kiti. "Basi nitasema polepole. Bibi Kizee hayupo tena."

"Mtambo?"

"Wameukata vipande kwa moto, shemeji. Lori la chuma chakavu limebeba mpaka likazama magurudumu. Mwezi umepita sasa. Nikaambiwa fungua geti, nikafungua. Nikavua kofia, wenzangu wakanicheka."

Mama Pindo akaacha kukanyaga cherehani. "Na wameweka nini badala yake?"

"Kitu kidogo, kama kabati la vyombo. Hakipigi kelele, kinanong'ona. Na kikikwama..." Mlinzi akachungulia tena mlango. "Kikikwama, kinapiga simu chenyewe."

"Kinapiga simu?"

"Chenyewe! Kinawapigia waliokiunda, huko ng'ambo. Wanaongea wao kwa wao, kinapona. Sisi tumesimama tu na mafagio yetu."

Mama Pindo alijidunga sindano na hakuisikia. Alikuwa akimtazama mumewe kupitia pazia la mlango: kisogo kilichopungua nyama, mkono umeegemea kibweta. Ulimwengu mzima umepata mtambo mmoja unaojua kupiga simu, aliwaza, na huo nao una namba ya mtu mwingine.

"Usimwambie," alisema.

"Mimi? Nimekuja na suruali tu, mdomo nimeuacha getini."

Tangu siku hiyo Mama Pindo akawa na mzigo ambao haushoneki wala haufumuliki. Akimwambia, atakuwa ndiye aliyemnyang'anya kitu pekee anachoamkia. Asipomwambia, mume atakauka pale barazani kama ndizi iliyosahauliwa darini. Na kukauka alikuwa anakauka kweli. Hilo hakuhitaji kuambiwa na daktari, maana suruali zake alizipunguza yeye. Alikwisha kuingiza kiuno mara moja, akaingiza tena, na sasa mifuko miwili ya nyuma ilikuwa inakaribia kusalimiana. Mtu asiyeitwa hunywea, aliwaza.

Alijaribu kuipitisha habari kando kando. "Hivi, mume wangu, mitambo nayo si huzeeka?"

"Huzeeka," Fundi alijibu, akipuliza unyoya wake. "Kama watu tu."

Mama Pindo akarudi kwenye cherehani yake.

Hata jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mwenye ulimi usiopata likizo, alikuwa ameona jinsi mzee asivyobanduka kwenye simu yake. "Mama Pindo! Mke mwenzio hajambo? Leo umemvika koti gani?"

"Hajambo. Lakini mvivu huyo! Hapiki, hafui, wala haongei."

"Haongei? Basi usimwache aondoke, utampata wapi mwingine!"

Wakacheka wote wawili, ila Mama Pindo aliingia ndani na kicheko kikafia mlangoni.

Shule zikawa za kufunguliwa kesho yake. Nyuzi zimetapakaa kila mahali, simu ya lastiki inalia bila kupumzika, "Mama, kaptula!" "Mama, sketi!" na Mama Pindo anakanyaga kama mtu anayekimbizwa. Mara cherehani ikatoa sauti ya kutafuna mchanga. Akalazimisha. Ikatafuna tena, sindano ikavunjika tak!, na gurudumu la mkono likagoma.

Akalisukuma mbele, likakataa. Akalirudisha nyuma, likakataa. Akabadilisha sindano, akaomba Mungu, akatukana kidogo, akaomba tena. Wapi!

Fundi wake wa cherehani alikuwa kijana mmoja wa sokoni. Ndiyo, ana mume fundi, lakini kinyozi hajinyoi. Miaka ya kiwandani mume alirudi nyumbani masikio yamejaa du-dum, hakutaka kusikia chuma kingine. Na baada ya kustaafu, nani angethubutu kumtoa kwenye lindo? Akampigia kijana wa sokoni. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena: haipatikani. Kwa siku kama hii, kila cherehani ya mji ilikuwa imekwama na kila mshonaji alikuwa anampigia.

Mama Pindo akakaa chini, simu mkononi, machozi karibu. Akatazama mlango. Kisogo kile pale, kibweta kile pale.

Kidole chake kikashuka kwenye majina, kikapita wateja wote, kikafika kwenye jina aliloliandika siku boksi lilipofunguliwa na ambalo hakuwahi kulipigia, kwa sababu mtu humpigiaje aliye chumba cha pili? Baba Watoto.

Akabonyeza.

Barazani kukasikika sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya godoro. Fundi Sikio akaruka. Akakimbilia bakuli la maji, akanawa, akakosa taulo, akajifuta kwenye shati, akarudi kwenye kibweta, akavuta koti la mpira, likakwama kwenye bega la kushoto. Simu ikanyamaza.

Mgongo wake wote ukashuka. Mama Pindo, nyuma ya pazia, akauma mdomo na kupiga tena.

Safari hii mpira ukatoka. Kifungo cha lulu kikakataa, kikavutwa, kikaruka kikatua uani, ambako kuku alikimeza na kuondoka zake. Akafika kwenye pamba, na simu ikanyamaza.

"Pigeni tena," Mama Pindo akamsikia akinong'ona. "Pigeni tena, jamani."

Akapiga tena. Mumewe alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, amesimama wima, visigino pamoja.

"Fundi mkuu hapa!"

Mama Pindo alikuwa amepanga maneno, yote yakamkimbia. "Mashine imekwama," alisema.

Sasa, chumba cha kushonea na baraza vinatenganishwa na pazia tu. Sauti ile ilimfika Fundi kwa masikio yote mawili, moja kutoka kwenye simu, lingine kutoka nyuma yake. Mama Pindo aliona kisogo kikitulia. Aliona mabega yakiganda. Akasubiri ageuke, amkemee kwa kushika laini, arudishe makoti, na mambo yaishe.

Hakugeuka.

"Imekwama vipi?" Fundi Sikio akauliza, akitazama barabarani.

"Haiendi mbele, hairudi nyuma."

"Kabla ya kukwama ilitoa sauti gani?"

"Kama... kama mtu anatafuna mchanga."

"Ukalazimisha?"

"Kidogo."

"Nyinyi watu wa zamu!" akafoka, na ilikuwa sauti ambayo Mama Pindo hakuisikia tangu siku ya kuagwa. "Kila siku nawaambia! Chuma kikikataa, kina sababu! Usiguse kitu hapo. Nakuja."

Akakata. Aliingia chumbani kwa kupitia mlango mwingine, akatoka na ovaroli lake la kazi, ambalo Mama Pindo hakuwa amelipunguza, likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Bisibisi mfukoni, simu mkononi, ikiwa uchi wa mnyama isipokuwa nailoni yake. Akatoka kwenye geti la mbele, kwa mwendo wa haraka.

"Fundi!" jirani akamwita kutoka ukutani. "Mbio hizo wapi?"

"Nimeitwa," akajibu bila kusimama.

Mama Pindo alilisikia neno hilo kupitia dirishani, akafuta macho kwa kaptula ya mtoto wa mtu.

Fundi akazunguka nyumba nzima, akapita nyuma ya choo, akaibukia mlango wa uani. Akapangusa viatu. Akagonga.

"Hodi! Mafundi!"

"Karibu, fundi. Pita."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Fundi akaisogelea. Akapiga goti, bisibisi kwenye mwili wa cherehani, mpini sikioni, akamwashiria mkewe asukume gurudumu polepole. Akafumba macho. Simu ya lastiki ikalia, Mama Pindo akaizima, na haikuwahi kuzimwa tangu inunuliwe.

"Kooni," Fundi akasema. "Chini ya sindano. Kuna kitu amekimeza. Nipe taa."

Taa ya simu ya Mama Pindo ilikufa siku ile ya ndoo. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakaitazama ile nyingine.

Fundi alikwisha kulegeza skrubu, vidole vimejaa mafuta ya cherehani. Akaishika hivyo hivyo. Akagusa kioo, kidole kikateleza juu ya nailoni. Akagusa tena, kikateleza, kama yule nzi. Akaguna. Akashika pembe ya ile nailoni kwa kucha, na Mama Pindo akaziba mdomo, jinsi mama anavyoziba mdomo mtoto anapotobolewa sikio. Krrrrr. Nailoni ikatoka yote, ikajikunja sakafuni.

Mwanga ukawaka.

"Shikilia hapa. Hapana, hapa. Usitikise." Akafungua kibamba cha chini, akaingiza kibano, akavuta kitu, akakiweka kwenye kiganja chake chini ya taa. Ilikuwa ncha ya sindano, na imezungukwa na donge la manyoya, limesokotana na uzi mpaka limekuwa gumu kama mbegu. Manyoya mekundu. Ya mahameli.

Mama Pindo akalitambua. Mumewe naye akalitambua.

"Hilo si ndilo koti la..." mkewe alianza.

"Ndilo," Fundi akasema. Akaligeuza geuza kwa kidole. "Kumbe bega la kushoto lilikuwa halina makosa, nilikufumulisha bure."

Kicheko kikamtoka Mama Pindo kama maziwa yanayofurika, akaegemea rundo la sketi, likaanguka, akaanguka nalo. Fundi naye alijitahidi kukaza uso wa kikazi, ukamponyoka. Walicheka mpaka jirani akauliza kutoka ukutani kama wamegawiwa urithi.

Walipotulia, Fundi akaendelea kusafisha kwa unyoya wake wa mkia wa kuku, ambao sasa alikuwa ameupatia kazi ya maana. Akatia mafuta, tone hapa, tone pale.

"Hii cherehani naisikia kila siku ikilalamika," alisema. "Nikajua utaniita."

"Ningekuitaje, na laini isishikwe?"

Fundi akakaza skrubu moja, akaifungua, akaikaza upya. "Hata yule mwingine alikuwa hivi hivi. Ukimlazimisha, anavunja. Mungu amrehemu."

Mama Pindo akaigeuza taa usoni mwa mumewe. "Unajua?"

"Shikilia vizuri."

"Mume wangu. Unajua?"

"Asubuhi moja niliegesha bisibisi kwenye bomba," alisema, "nikasikia maji tu."

"Mwezi mzima! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajitahidi sana nisijue. Sikutaka nikuharibie kazi."

Mama Pindo hakujua acheke tena au ampige na kaptula. "Sasa hiyo simu ulikuwa unaitunza ya nini?"

"Hata mtambo mpya hukwama, nikasema labda." Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Halafu, Mama Pindo, mtu akishaacha kungoja, asubuhi anaamka anafanya nini?"

Maneno yote aliyokuwa nayo Mama Pindo yalikuwa madogo, hayamtoshi. Akatazama kuzunguka chumba, mpaka macho yake yakapata kitu.

"Kanyagio nalo linalia," alisema.

"Nimelisikia."

"Na mkasi mkubwa haukati sawasawa."

"Nao nimeusikia. Usiniharakishe, nina zamu ndefu leo."

Gurudumu likazunguka, jepesi. Mama Pindo akakaa, akakanyaga, na mlio ukatoka safi, tka-tka-tka, mpaka Fundi akainamisha kichwa kidogo kuufuata. Sare zilikwisha kabla ya giza, na kila mama akaja kuchukua. Mmoja alimkuta mzee wa ovaroli akikata nyuzi za mapindo kwa meno, akadhani Mama Pindo ameajiri.

Simu ilikaa mezani katikati ya chaki na vipande vya vitambaa, ina alama za dole gumba kioo kizima. Fundi aliitazama kwa muda. Akaichukua bila kunawa, akatafuta jina, akapiga.

"Baba?" Binti yao alipokea kwa sauti ya hofu. "Baba, kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Lile jino, limeota?"

"Jino? Baba, umepiga simu kuuliza jino?"

"Mpe mwenye jino niongee naye. Wewe ondoka kwenye laini."

Mwenye jino akapewa, na alikuwa na mengi ya kusimulia, maana alikuwa ameyahifadhi. Mama Pindo, ambaye sikio lake halikuwa na sifa yoyote, aliyasikia yote kutoka upande wa pili wa meza.

Siku iliyofuata mlinzi wa geti alifuata suruali yake, ile aliyoiacha akaondoka na khanga. Ilikuwa imeshonwa barabara, na nyuma imewekwa kiraka imara, kitambaa kizuri, cha mahameli nyekundu.

"Shemeji," akasema, akiinua suruali kwenye mwanga, "nitalindaje geti na hiki?"

"Kwa kutogeuka," Mama Pindo akajibu.

Fundi Sikio alicheka akaegemea meza, meza ikatikisika, na simu ikateleza kutoka kwenye rundo la vitambaa, ikaanguka sakafuni kwa pembe, ka! Wote watatu wakaganda. Mlinzi akavua kofia.

Fundi akainama taratibu, magoti yakilia, akaiokota. Pembe ilikuwa imebonyea, na ufa mwembamba umetambaa juu ya kioo kama unywele. Akaipangusa kwa ovaroli. Akatoa bisibisi mfukoni, akaegesha ncha juu ya mgongo wa simu, mpini sikioni, akafumba macho. Mama Pindo alishikilia cherehani.

"Anapumua," Fundi akasema, akairudisha mezani.